Marehemu Haladhar Anauliza Swali Moja

Kashipota, Nadia
11 Januari 1975

Bwana Nirupam Lahiri,

Salamu. Mimi ni Haladhar Basak, mfumaji wa sari, yule uliyemuua mwaka jana katika filamu yako *Mtande Mtupu*, ile ya mtambo usio na nyuzi. Nakukumbusha kwa sababu najua umeua wengi tangu uanze kazi hii. Kuna wale wa kiwanda cha magunia katika filamu ya kwanza, na wale wa mafuriko katika ya pili. Mimi ni yule mwenye kikohozi.

Jambo lenyewe ni hili. Wiki iliyopita mke wangu Bimala alinunua bisi za mchele, akafungiwa katika ukurasa wa gazeti la Kalkuta. Mimi nilijifunza kusoma kwa karatasi za dukani, kwa hiyo elimu yangu ina mafuta na imekatika hapa na pale, lakini ukurasa huu ulikuwa mzima. Ulikuwa na picha yako, umeshika kidevu. Mwandishi amekuuliza filamu yako ina uongo kiasi gani. Wewe umejibu: "Hakuna. Hata kuhani wa kwenye matanga ni kuhani wa kweli, na dua alizosoma ni za kweli."

Nami naikumbuka siku mliyopiga picha matanga hayo mtoni. Nilikuuliza mbele ya watu kama kuhani ni wa kweli, ukaniwekea mkono begani, ukasema, "Ondoa shaka, ndugu, huyu ni mwigizaji tu, atabwabwaja."

Kwa hiyo kuna kauli mbili, bwana, na moja kati yake imeniua.

Usidhani natania sana. Unakumbuka kijana wangu Subal, aliyeigiza mtoto wa marehemu, alishindwa kulishika lile jina la kubuni la maiti, ukamwambia, "Basi taja la baba yako." Akanitaja mimi, akamtaja baba yangu, akautaja ukoo wetu, akamwaga maji, akaweka mafungu matatu ya wali juu ya jani la mgomba. Matanga yanataka mtoto wa kweli, jina la kweli, mto wa kweli, wali wa kweli na kuhani wa kweli. Vinne tulikuwa navyo, sinema nzima inashuhudia. Kimebaki cha tano.

Binti yangu Shefali anaolewa tarehe 3 Machi. Lile duka la bisi lina wateja wengi, na mmoja wao ni Gokul Pramanik, baba wa bwana harusi. Naye amesoma. Kama kuhani yule alikuwa wa kweli, mimi ni maiti, na nyumba iliyofiwa na baba haifanyi harusi mwaka mzima. Gokul hawezi kungoja mwaka. Ana wasichana wengine watatu aliowakataa kwa heshima, na bado hajawasahau.

Niandikie mstari mmoja tu: alikuwa kuhani au hakuwa? Nina sababu nyingine ya kutaka kujua, lakini hiyo si ya kuandika.

Wako,
Haladhar Basak
(kwa sasa, marehemu)


Kalkuta
19 Januari 1975

Ndugu Haladhar,

Barua yako imenigusa. Nimewasomea rafiki zangu wawili, nao imewagusa.

Tafadhali usiniite bwana. Miaka kumi na saba nimefanya kazi hii ili kusiwe na bwana wala mtwana. Niliacha kazi ya bima iliyokuwa na pensheni. Filamu yangu ya kwanza ilikaa ukumbini siku sita. Ya pili ilizuiwa mwaka mzima na watu ambao hawajaiona. Mke wangu alirudi kwao na cherehani. Sisemi haya ili unihurumie. Nataka ujue ni mtu gani unayemuuliza.

Swali lako, ndugu yangu, si swali lenyewe. Swali lenyewe ni kwa nini mtu aliye hai, mwenye mikono na mapafu, amwombe mtu wa Kalkuta kibali cha kuwa hai. Hicho ndicho nilichopigana nacho katika kila picha niliyopiga. Wewe hukuniigizia tu. Wewe ni mwenzangu katika vita hii. Simama mbele ya huyo Gokul umwambie: "Nitazame, ninapumua." Ukweli hauna haja ya cheti.

Filamu imeteuliwa kati ya tano za mwisho kwa tuzo ya Delhi. Kamati inakaa tarehe 20 Machi. Ikishinda, itaonyeshwa mbele ya wakubwa wa wizara, na watu waliowauzia ninyi nyuzi kwa bei ya damu watalazimika kukaa gizani saa mbili na kujitazama. Fikiria hilo.

Ndugu yako katika mapambano,
Nirupam Lahiri


Kashipota
28 Januari 1975

Bwana Lahiri,

Nimesimama mbele ya Gokul kama ulivyoagiza. Nikamwambia, "Nitazame, ninapumua."

Akasema, "Naona, mkwe mwenzangu. Mimi sina ugomvi na wewe. Nina ugomvi na kifo chako."

Tukaenda kwa kuhani wetu, mzee Bhabatosh, ambaye macho yake ni mabovu lakini kumbukumbu yake ni mbaya zaidi, maana hasahau. Akasema, "Kama yule alikuwa Mbrahmini, mtu wa tabaka la makuhani, wewe umekwenda. Kama hakuwa, upo. Mimi siwezi kusema uko wapi."

"Niko hapa, babu. Nimekaa kwenye mkeka wako."

"Mkeka si ushahidi."

Anasema iko ibada ya kumzaa upya mtu wa namna yangu. Wananifunga nguo kama mtoto mchanga, nalishwa maziwa kwa kijiko, napewa jina, nakua, namwoa tena Bimala. Yeye ameisoma tu, hajaiona ikifanywa, na itabidi waitwe wataalamu ambao hawawezi kufika kabla ya mwezi wa nne. Kinyozi Poltu ananiuliza kama nitahitaji kunyolewa nywele za uchanga.

Haya mimi nayabeba. Aliyebebeshwa bila kuulizwa ni Bimala. Unajua wajane wetu wanavyoishi. Wewe mwenyewe ulipiga picha sahani isiyo na samaki, ukaikaribia mpaka tukaona chumvi. Juzi dada yangu Khiroda, mjane kwa miaka thelathini sasa, alimwondolea Bimala kipande cha samaki mkononi.

Bimala akasema, "Wifi, mume wangu yuko nje anakohoa."

Khiroda akamjibu, "Mimi nimekula dengu miaka thelathini kwa mume aliyekufa kabisa. Wewe unashindwa mwezi mmoja kwa mume wa mashaka?"

Bangili zake nyeupe za mwanamke mwenye mume bado hajazivua, na rangi nyekundu bado anaipaka kwenye mstari wa nywele, lakini anatoka na ushungi umeshuka mpaka puani. Na wanawake wamemwambia kwa upole, upole ule unaouma, kwamba siku ya kumpaka Shefali manjano yeye akae upande wa jikoni. Mjane haligusi bakuli la bibi harusi.

Hotuba yako ni nzuri, nimeihifadhi. Lakini niliomba mstari mmoja, ukanipa ukurasa, na mstari wangu haumo.

Haladhar Basak


Kalkuta
6 Februari 1975

Haladhar,

Hii ni yako peke yako. Ukiisoma, ifiche.

Hakuwa kuhani. Anaitwa Shibu Naskar, karani wa ofisi ya tramu, anaigiza Jumamosi. Si Mbrahmini. Uzi wa begani, ile alama ya kuhani, tuliununua sokoni asubuhi ile. Na alichokuwa akisoma, Mungu atusamehe, kama yupo, ni majina ya vituo vya tramu kuanzia depo mpaka bandarini, kwa sauti ya puani. Baadaye tuliongeza kengele na mlio wa maji, vikamfunika.

Utauliza kwa nini nilisema vingine gazetini. Wageni fulani waliniuliza baada ya onyesho, nao walikuwa wamekwisha kuamini, nikaona uvivu kuwakatalia. Mara ya pili nikasema kwa mazoea. Mara ya tatu ilikuwa imeshakuwa sifa ya filamu, na watu wakawa wanaitaja kabla sijafungua mdomo.

Kwa hiyo wewe ni mzima, hukuwahi kufa. Mwambie Bimala ale samaki.

Lakini nakusihi, barua hii isionekane na mtu mpaka tarehe 20 Machi. Wapo Kalkuta wanaongoja niteleze hata kwa ganda la ndizi. Baada ya siku hiyo isome sokoni kwa kipaza sauti, sitasema neno. Harusi haiwezi kusogezwa wiki tatu?

Na kama ile ibada ya kuzaliwa upya itafanyika, nijulishe mapema. Ningependa kuja na kamera.

Nirupam


Kashipota
14 Februari 1975

Kaka Nirupam,

Hunijui kwa mwandiko. Mimi ni Bimala, mke wa Haladhar. Nakuita kaka ili unionee haya.

Mume wangu hajui kwamba najua kusoma. Nilijifunza nyuma ya Shefali alipokuwa akisoma masomo yake kwa sauti, mimi nikisokota nyuzi. Sikumwambia kwa sababu yeye anafurahi kunisomea karatasi zinazofungiwa bisi. Barua yako ameificha chini ya kigae cha sakafu, chumba cha mtambo wa kufumia. Nimeisoma, nimeirudisha.

Hajamwonyesha mtu. Gokul amekuja mara mbili, mara zote mbili mume wangu amesema, "Bado nangoja jibu." Amekaa juu ya kigae hichohicho akisema hivyo. Umemwomba asiseme, naye hasemi. Mimi hukuniomba.

Ningeweza kumpelekea Gokul mwenyewe. Nimefikiri usiku mbili. Lakini atasema, mtu huyu mtoni alisema moja, gazetini la pili, sasa hii barua ni ya tatu au ni ya kwanza imerudi? Uongo wako ulipigwa chapa. Ukweli nao upigwe chapa, katika gazeti lilelile, maana hapa watu wanaamini kilichofungia bisi.

Unaikumbuka mikono yangu? Yule dada mwigizaji alishindwa kurusha uzi, ukapiga picha mikono yangu ukaiweka mahali pa yake. Saa nzima ulisema, "Polepole, mama, mikono inasema." Sasa mikono hiyo imekatazwa kugusa bakuli la manjano la mtoto iliyemzaa. Harusi haisogei. Gokul hangoji hata wiki moja.

Jana nilikula samaki, uani, mchana, wifi akiniona. Ameniita jina ambalo siliandiki. Mume wangu alikuwa mlangoni, akanyamaza kwa ajili yako.

Bimala


BARUA KWA MHARIRI
(ilichapwa Kalkuta, 21 Februari 1975, ukurasa wa sita, chini ya tangazo la mafuta ya nywele)

Mhariri,

Katika mahojiano yaliyotoka Desemba nilisema kwamba kuhani anayeonekana katika filamu yangu *Mtande Mtupu* ni kuhani wa kweli. Hiyo si kweli. Ni karani wa tramu na si Mbrahmini. Hakuna dua iliyosomwa. Kosa si la mwandishi wenu, aliandika kama nilivyomwambia.

Bwana Haladhar Basak wa Kashipota, Nadia, aliyetajwa kwa jina lake katika onyesho hilo, hakufanyiwa matanga yoyote. Yu hai, na mkewe ana mume.

Nirupam Lahiri


Kalkuta
22 Machi 1975

Haladhar,

Subal ameniletea halua za harusi. Zimepondeka njiani lakini nimezimaliza. Anasema mlinunua nakala kumi na moja za gazeti, na moja Gokul ameibandika ukutani. Anasema pia kwamba mama yake alimpaka Shefali manjano mpaka masikioni, na hakuna mwanamke aliyeweza kumnyang'anya bakuli. Vizuri.

Kamati imekaa juzi. *Mtande Mtupu* iliondolewa kabla ya kupigiwa kura. Nimeonyeshwa maneno ya mwenyekiti, si ya mtu mbaya: "Aliyetudanganya kuhusu kuhani, tutajuaje hakutudanganya kuhusu njaa?"

Ningekuwa yeye ningeuliza hivyohivyo.

Kilichoniuma si tuzo. Wale matajiri wa nyuzi wameyachukua maneno hayo wakayachapa katika kijikaratasi, wanakigawa wizarani. Wanasema wafumaji wa Nadia hawakukosa chakula hata siku moja mwaka ule, kwamba yote ni maigizo, matumbo yaliingizwa ndani kwa amri yangu. Wametaja hata lile jani la mgomba. Unalikumbuka? Watu walilisifu kuliko picha zote: jani tupu, punje nne za wali, kunguru wameshakula na kuruka. Sasa wanauliza kunguru wako wapi. Wanasema tulilipangusa wenyewe.

Mpango wa duka la nyuzi la ushirika, ambao wizara ilikuwa imeuanzisha baada ya kuona filamu, umerudishwa "kwa uchunguzi zaidi." Unajua maana yake. Nilitaka kuwasaidia watu elfu nane, nikamsaidia mmoja, na mmoja huyo ni yule niliyemharibia mwenyewe.

Kiwanda cha sabuni kimeniomba nitengeneze filamu ya dakika mbili. Ina mama, mtoto na povu. Sijakataa.

Nirupam


Kashipota
30 Machi 1975

Kaka Nirupam,

Hili la jani nitakueleza, maana wewe hukuwepo. Ulikuwepo, lakini ulikuwa unatazama kwa kamera.

Siku ile mlianza saa mbili asubuhi. Chakula chenu kilipangwa saa nane mchana, na tulijua nasi tutapewa, ndiyo maana nilikubali kufa upesi bila kuuliza maswali mengi. Subal aliweka yale mafungu matatu ya wali. Ulitaka kunguru washuke wale, kama desturi, ili ionekane marehemu amepokea. Tukangoja. Kunguru hawakuja. Ukasema, "Hata hawa wamegoma," watu wakacheka, mkaihamishia kamera ng'ambo ya ngazi za mto.

Mliporudi jani lilikuwa tupu. Ukafurahi sana. Ukamwita mpiga picha, "Haraka, haraka, wameshuka tukiwa hatupo." Ukapiga picha zile punje nne.

Hakukuwa na kunguru. Niliyala mimi.

Nilikuwa nimekaa hatua tano kutoka pale, nimejifunika shuka langu la kifo, na tangu jana yake asubuhi nilikuwa sijatia kitu kinywani ila maji ya wali, tena ya jirani. Nyuzi zilikuwa zimepanda kwa mara ya tatu mwezi ule. Mtambo ulikuwa umesimama siku kumi na tisa. Sikufikiri. Mkono ulikwenda. Fungu la tatu nilimeza bila kutafuna kwa sababu niliwasikia mnarudi.

Wewe si mtu wa dini, kwa hiyo nitakwambia kwa lugha ya kawaida. Chakula cha wafu hakiliwi na walio hai. Hata mbwa wa hapa wanafukuzwa. Basi nilipofungua ule ukurasa wa bisi na kusoma kwamba kuhani alikuwa wa kweli, kufa kwangu hakukuniogopesha kiasi hicho. Nilijiona mtu aliyekufa na akala matanga yake. Mzee Bhabatosh ana vitabu vinavyojua adhabu ya kila kitu, lakini nadhani hili hakuna aliyewahi kulifikiria akaliandika. Hiyo ndiyo ile sababu nyingine. Hata Bimala sikumwambia. Ulipoandika kwamba yule ni karani na dua zake ni vituo vya tramu, nilikaa chini sakafuni. Wali ukawa wali tu.

Sasa naweza kusema, na nimesema. Juzi usiku tulikusanyika uani kwa Gokul, wafumaji arobaini na wawili. Nikasimama nikawaeleza haya. Khiroda alitoka nje. Mimi nikangoja Gokul anirudishie binti. Kisha akasema kwamba mwezi uleule yeye alichemsha gundi ya kupakia nyuzi, ile ya unga wa mchele, akawapa wanawe wakala. Baada ya hapo kila mtu akawa na lake. Yupo aliyekula mbegu alizoweka za msimu. Poltu alikula kitu hekaluni na hataki kisemwe ni nini.

Tumeyaandika yote. Bimala ameandika, mimi nikitaja majina, maana mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, jambo ambalo nimelijua wiki hii. Kurasa saba, na alama za vidole gumba. Zimo ndani ya bahasha hii. Zipeleke Delhi kwa huyo mwenyekiti, na nakala wizarani. Kama hawatazisoma, basi hawatazisoma, lakini wasiseme hawakuandikiwa.

Filamu ya sabuni itengeneze, mtu ale. Lakini ya kwetu usiikate lile jani. Chini yake andika maneno haya, kwa lugha wanayosoma wao: kuhani alikuwa wa uongo, kunguru walikuwa wa uongo. Aliyekula wali huu ni marehemu mwenyewe, alikuwa na njaa.

Haladhar Basak
mfumaji